Acheni Kuhesabu Majani

Inazunguka tena mitandaoni: juu msitu wa Bambi, filamu ya katuni ya Disney, kama ulivyotoka 1942, chini msitu uleule "umeboreshwa" kwa programu, kila ukingo mkali kama wembe. Na maoni yanayofuata ni yaleyale: wazee walikuwa wanachora bwana, ona, kila jani limechorwa! Hapana. Wazee hawakuchora kila jani. Wangelichora kila jani, yule mtoto wa kulungu msingemwona.

Na walianza kwa kosa hilohilo. Majaribio ya kwanza ya Bambi yalifuata njia ya Snow White, filamu yao ya 1937: magome, mizizi, matawi, kila kitu kimo. Kulungu wa kahawia juu ya vurugu za kahawia, akapotea. Aliyeonyesha njia ni Tyrus Wong, mzaliwa wa Guangdong, aliyeingia Disney 1938 kwenye kazi ya chini ya kujaza michoro ya katikati, kati ya pozi moja na jingine. Alichora vijipicha vya kulungu msituni akifuata wachoraji wa Kichina wa enzi ya Song: shina moja au mawili yako wazi, mengine yote ukungu. Msitu unauhisi, huuhesabu. Wachoraji wa mandhari nao wakageukia rangi za mafuta, maana hazikauki upesi na kingo zake hulainishwa. Malipo ya Wong? Kuachishwa kazi 1941, kufuatia mgomo ambao yeye hakuushiriki, na jina lake kuchanganywa tu na ya wachoraji wengine wa mandhari, kana kwamba sura nzima ya filamu haikutoka mkononi mwake. Alifariki 2016, akiwa na miaka 106.

Mandhari ya katuni si picha ya kutundika sebuleni. Ni jukwaa, na jukwaa halijazwi samani mpaka mchezaji akose pa kukanyaga. Kazi huanza na mpangilio wa penseli unaoonyesha mhusika anaingilia wapi na anatokea wapi. Kwa rangi za maji, karatasi hulowanishwa na kubandikwa ubaoni pande zote nne. Ukiiacha huru itajikunja, na chini ya kioo cha kamera kila kikunjo ni kivuli. Rangi ya jumla inapakwa karatasi ingali mbichi. Vya mbali vinafifia kuelekea bluu au kijivu. Weusi mzito na mwanga mkali vinasukumwa pembeni, na pale mhusika atakapopita panabaki rangi mbili tatu zinazokaribiana, basi. Gwashi, rangi ya maji isiyopitisha mwanga, nayo ina hila: rangi ya giza ikikauka hupauka, ya mwanga hukolea. Kwa hiyo paka kwanza kwenye kipande cha pembeni, usubiri. Mwisho laza seluloidi ya mhusika, ile karatasi ya plastiki angavu aliyochorwa, juu ya mandhari, fumba macho nusu. Ikibidi umtafute, umeharibu, hata kama lile gome limekugharimu siku tatu.

Seluloidi yenyewe si angavu kabisa; kila moja inayoongezwa inafifisha kilicho chini yake. Shoti ikianza na nne halafu zikabaki mbili, mandhari inabadilika mwanga ghafla kama taa ya umeme wa wasiwasi. Ndiyo maana ziliongezwa tupu, idadi isicheze, na rangi ya shati lilelile ikachanganywa tofauti kwa kila tabaka.

(Ninyi mliokuwa mkijua jiwe gani litaporomoka kabla halijaporomoka: si unabii. Jiwe linalosogea lilichorwa kwenye seluloidi, rangi bapa na mstari kuzunguka. Wenzake walipakwa kwa brashi.)

Kamera ya matabaka ya vioo, ambamo vya karibu na vya mbali huchorwa kwenye vioo tofauti vinavyoachana, haihitaji utetezi wangu. Ilitatua tatizo la mwezi kukua kila kamera inaposogea mbele, imetosha.

Najua mtakayemleta kunipinga: Eyvind Earle, mchoraji wa mandhari wa Disney, na filamu ya Sleeping Beauty ya 1959. Haya, nakubali, shingo upande. Mle karibu na mbali vyote viko wazi, na mandhari moja iliweza kula siku 7 hadi 10. Lakini wahusika ilibidi wachongwe upya, wima na wenye pembe, wafanane na miti yake, na bado wahuishaji walilalamika kwamba wanamezwa. Tena mtazameni Earle vizuri: anaweka umbo kubwa jeusi kwanza, kisha anapanda kuelekea mwanga, na majani yake yamefungwa katika mafungu. Hata yeye hakutawanya majani ovyo.

Programu haijui lolote kati ya haya. Ikikuta ukungu inadhani ni kasoro, inautafutia kingo, na isipozipata inazitunga. Rudini kwenye ile picha ya chini, mtazame upande wa kushoto, nyuma ya kulungu. Ile nafasi nyeupe aliyosimamia imeota matawi.