Shirati na Wamennonite: tukatalii nini hasa?

Kila watu wa Mara wakianza kuongelea utalii, story inaanzia Serengeti, inapita Butiama kwa Mwalimu, basi, imeisha. Siku hizi lakini kuna wanaosema tuongeze na Shirati, kule Rorya kwenye Ziwa Victoria karibu kabisa na mpaka wa Kenya, maana ndiko Wamennonite, dhehebu la Kikristo lililoletwa na wamisionari Wamarekani, walikoanzia Tanganyika mwaka 1934 na mpaka leo kuna Wamarekani wanakuja kuona babu zao walipofanyia kazi. Wengine wanaguna. Wanasema kile kimji kitamwonyesha mtu nini, na hata kikionyesha si historia ya wazungu tu hiyo? Binafsi naona pande zote mbili zina pointi, ila hamna hata mmoja anayejibu swali la mgeni akifika ataangalia nini.

Maana mtu ukimwambia Mennonite anaingia mtandaoni anakutana na mikokoteni ya farasi na wanaume wenye ndevu na kofia za majani. Hao wengi wao ni Waamish, ndugu zao waliogawanyika nao tangu 1693. Mzizi ni mmoja, kundi la Zurich kule Uswisi la mwaka 1525 lililosema ubatizo ni wa mtu mzima anayejua anachokubali, wakateswa sana kwa hilo, na jina wamelipata kwa Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeacha upadri 1536. Wamennonite wengi wa leo wanaendesha magari na wana simu kama mimi na wewe. Ila huko kwa wenzetu biashara ishafanyika: Steinbach kule Kanada wana kijiji cha makumbusho na kinu cha upepo kabisa, Shipshewana kule Indiana kuna jumba linaitwa Menno-Hof tangu 1988 unaingia unasimuliwa kila kitu, na Lancaster kule Pennsylvania, ambako ndiko walikotoka hawa wa Shirati, mabasi ya watalii yanapanga foleni kuangalia Waamish wakilima, watu ambao kupigwa picha wenyewe hawapendi.

Sasa njoo Shirati na matarajio hayo. Unaacha barabara kuu ya Musoma–Sirari pale Mika, unapita Utegi, unafika unakuta senta ya kawaida ya Wajaluo, maduka, bodaboda, samaki, na hospitali. Hamna kinu. Ukishuka mwaloni Sota utakuta dagaa wameanikwa chini, akina mama wameinama wanawageuza kwa mikono huku wanabishana bei na wachuuzi kwa Kijaluo na Kiswahili kwa wakati mmoja, hakuna mwenye habari na Menno Simons. Kwa hiyo anayesema hakuna cha kuona, kwa macho hayo, kweli hakuna.

Ila hapo ndipo na mimi naanza kubisha, kwa sababu hawa watu imani yao yenyewe haikuwa ya vitu vya kuangalia. Hawakuja kujenga kanisa kubwa la mnara, hawana sanamu, hawana nguo za dhahabu. Walichoacha kinaonekana kikitendeka. Mfano mzuri ni kuoshana miguu. Siku ya meza ya Bwana yanaletwa mabeseni na taulo, wanaume upande wao na wanawake wao, mama wa makamo anavua kandambili anaweka mguu kwenye maji, mwenzake anapiga magoti anamuosha, anamfuta, wanabadilishana, wanakumbatiana, na pengine hao wawili wiki nzima walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Hiyo huwezi kuiwekea kiingilio, na siku utakayoiweka ratibani kwa ajili ya wageni ndiyo siku itakayokufa.

Halafu hili la kwamba ni historia ya wazungu. Nusu ni kweli. Elam Stauffer na John Mosemann na wake zao walikuja wakafungua misheni Shirati, na hawakufika porini, maana Wajerumani walishakuwa na kituo hapo ambacho Waingereza walikiteka 1915. Walikuja na mambo mazuri na masharti yake: pombe hapana, wake wengi hapana, ngoma hapana, mapambo hapana, akina mama vitambaa kichwani. Mzee mwenye wake watatu aliyetaka kubatizwa aliwekwa njia panda ambayo mke wa pili na wa tatu ndio walikuja kuilipia, na sijawahi kusikia mwongoza wageni yeyote anaisimulia hiyo. Ukitaka urithi basi uchukue na huo, sio kuchagua picha za hospitali tu.

Nusu nyingine ndiyo inasahaulika. Mwaka 1942 Shirati kulitokea uamsho wa kiroho, ule uliokuwa unatembea Afrika Mashariki nzima kutokea Rwanda na Uganda, na wamisionari wenyewe wakajikuta wanasimama wanaungama dhambi zao mbele ya wenyeji, mambo ya kiburi na ubaguzi yakatajwa hadharani. Huo moto walirudi nao mpaka Lancaster. Yani wale waliokuja kufundisha waliondoka wamefundishwa, na waliowafundisha ni watu wa hapahapa. 1960 kanisa likawa linajitegemea, na 1967 Zedekia Kisare, Mjaluo wa Shirati, akawekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika. Waliovuka mpaka kupanda kanisa upande wa Kenya nao wametokea huku. Sasa hiyo ukiiita historia ya wazungu unamnyang'anya Kisare na wenzake kitu chao bure.

Hospitali ndiyo inanipa shida zaidi. Ilianza na misheni, baadaye ikasimamia wagonjwa wa ukoma eneo zima, na kati ya 1977 na 1982 madaktari wake walihusika kwenye utafiti mkubwa ambapo watoto wa North Mara walipewa klorokwini kuona kama kupunguza malaria kutapunguza ile saratani ya watoto inayovimbisha taya, na majibu hayakuwa mepesi kama walivyotegemea. Ni historia ya dunia hiyo, sio ya Rorya peke yake. Kwa hiyo wanaotaka utalii wanaielekezea kidole ya kwanza. Shida ni kwamba inafanya kazi. Ni hospitali teule ya halmashauri, kuna wodi ya wazazi imejaa, kuna ndugu wamelala nje kwenye majani na sufuria zao, na kuna chuo cha uuguzi wanafunzi wanakimbizana na ripoti za zamu. Mgeni anayepita na kamera hapo katikati kutafuta bibi yake alikuwa anasimama wapi mwaka 1950, hata kama ana nia njema na kabeba boksi la glovu, anawageuza wagonjwa kuwa mandhari. Afadhali hata Lancaster, mkulima anaweza kugeuza farasi akaondoka zake, mtu mwenye dripu hawezi.

Wanaotaka utalii nao wana jibu zito hapo na silipuuzi: wageni hawa ndio wamekuwa wakileta madaktari wa kujitolea, vifaa, ada za wanafunzi. Ukiwafungia geti kwa ajili ya heshima, nani atajaza pengo? Kwa uchumi wa Rorya, dagaa na mihogo, sioni wa kujaza kesho. Lakini hiyo ni hoja ya misaada, tusiivalishe nguo za utalii, maana mtalii analipa ili aone na mfadhili anatoa ili kazi iendelee, na ukiwachanganya unapata mfadhili anayedai aonyeshwe.

Kuna jambo moja pia ambalo lingekuwa la kwanza kama ningeandika kibao cha pale. Hili ni kanisa la amani, watu ambao kwa karne kadhaa wanakataa kushika silaha hata kwa amri ya serikali, na limeota mizizi kwenye eneo la wizi wa mifugo na mapigano ya koo ambalo lilifikia kupewa kanda yake maalum ya kipolisi, Tarime/Rorya. Imesaidia? Wapo watakaokwambia bila wachungaji kukaa na wazee wa koo hali ingekuwa mbaya zaidi, wapo watakaokwambia miaka 90 ya mahubiri ya amani na mishale iliendelea kuruka. Kumsikiliza mzee mmoja wa kila upande jioni moja, kwa mimi, kunazidi kinu chochote cha upepo.

Kwa hiyo ukiniuliza niende au nisiende, nenda. Nenda Jumapili, kaa ibada nzima usitoke kwenye matangazo, kula sangara na ugali pale senta ili hela ibaki, na mtu wa kukusimulia mwombe awe mwenyeji. Hospitali ipite nje, labda uwe unaumwa.