T6 si dawa ya keria kupasuka

Ukizunguka gereji za Unga Limited hapa Arusha ukitafuta keria ya gari la watalii, utauziwa ya T6, yaani aluminiamu iliyogumishwa kwa joto, kabla hujauliza bei. "Hii imepita kwenye moto, bosi, haivunjiki." Nusu yake ni kweli.

Aluminiamu ya aina ya 6061 ikiwa laini huanza kupinda kwenye mkazo wa megapaskali 55 hivi. Ipashe hadi karibu nyuzi 530, itumbukize majini ghafla, kisha ioke kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 160 hadi 175. Ndani yake hujijenga chembe ndogo mno za magnesiamu na silikoni zinazoifanya iwe ngumu kupinda. Hiyo ndiyo T6, na sasa inafika 276. Mara tano! Hapo muuzaji hajakudanganya.

Lakini keria haifi kwa mzigo, inakufa kwa mtikisiko. Aliyewahi kuendesha kutoka Naabi hadi Seronera, kule Serengeti, anaijua ile changarawe. Na kwenye mtikisiko, hesabu ni nyingine kabisa: mkazo ukienda na kurudi mara milioni 500, ile laini huhimili megapaskali 62 hivi, T6 huhimili 97. Mara moja na nusu tu, kwa sababu chembe zilezile hukatwa kidogo kidogo kila mkazo unaporudi. Tena aluminiamu haina kile kiwango ambacho chuma cha kawaida kinacho, kwamba chini yake unaweza kukitikisa miaka yote kisichoke.

Halafu fundi anawasha mashine ya kuchomelea ya gesi ya argoni. Hapo ndipo pesa yako inapoyeyuka. Joto la kuchomelea linafuta kazi ya kiwandani pembeni mwa mshono, na ukingo wa mshono wenyewe unakusanya mkazo wote. Mwongozo wa Marekani wa usanifu wa aluminiamu, kwa viungo vilivyochomelewa, unatoa kikomo kilekile cha uchovu, yaani kuchoka kwa mtikisiko, kwa aloi ngumu na laini. T6 pale haihesabiki. Kuioka keria nzima upya? Sijui fundi gani mtaani ana tanuri la ukubwa huo.

Mimi ile hela ya T6 ningeitia kwenye bomba nene, miguu ya kubana kwa bolti, na mishono iliyowekwa mbali na kona. Mkirudi kutoka porini, mwambie dereva apake mafuta ya taa kwenye mishono, afute yakauke, kisha apake chaki. Penye ufa, mafuta yatarudi juu na kuilowesha chaki. Keria hiyo isipande tena juu ya gari.