Kiti mwendo hupimwa, hakigawiwi tu

Picha ya hafla tumeizoea: viti mwendo vimepangwa safu, vingine bado vina nailoni, mgeni rasmi ameshika mpini wa cha kwanza. Vyote vina upana wa inchi 18. Kimoja anapewa binti wa miaka tisa, kingine mzee mwembamba aliyepooza upande, kingine kijana aliyevunjika uti wa mgongo. Makofi yanapigwa, watu wanatawanyika. Msimamo wangu ni huu: kama mtu hajapimwa, kiti kisitolewe siku hiyo. Kikae stoo wiki mbili, apimwe kwanza.

Kiti cha kukunja cha inchi 18 kilitengenezwa kumtoa mgonjwa wodini hadi eksirei, kwenye sakafu ya vigae, akisukumwa na mtu mwingine. Hakikutengenezwa kukaliwa saa kumi kila siku. Upana huo, sawa na sentimita 46, kwa mtu mwenye nyonga za sentimita 34 maana yake ataegemea upande mmoja, na kwa mtoto anayekua uti wa mgongo utapinda hivyohivyo. Mikono nayo inatanuka kuyafuata magurudumu, mabega yanachakaa. “Atakua, kitamtosha” ni maneno ya kununulia sare ya shule. Kwa kiti mwendo yanaumiza.

Kupima hakuhitaji mashine. Mkalishe kwenye benchi gumu, miguu ikanyage chini. Usimzungushie futi ya fundi cherehani: bana nyonga zake kwa vitabu viwili vigumu, kimoja kila upande, kisha pima kutoka kitabu hadi kitabu. Huo ndio upana wa kiti. Kwa kina cha kiti, pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, upunguze sentimita 3 hadi 6. Usipopunguza, ukingo wa kiti utamchoma nyuma ya goti, naye atateleza mbele mpaka akalie kifandugu. Mwisho pima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa na viatu anavyovaa kila siku, ili ujue pa kuweka vikanyagio ukishahesabu unene wa mto.

Mto ndio unaosahauliwa kuliko vyote, na ndio unaookoa maisha. Mtu asiye na hisia kiunoni hajui kwamba mfupa wa kukalia unabana nyama hadi damu haipiti. Kidonda cha mgandamizo huanzia ndani, na kikifika kwenye mfupa kinaweza kumuua. Sponji laini ya godoro hulala baada ya miezi michache. Inatakiwa sponji ngumu chini, laini zaidi juu, na shimo dogo mahali mifupa inapotua. Kava lisivutwe likakaza kama ngoma, maana hapo mtu anakalia kava, sponji haifanyi kazi. Mto ukilowa, anika kivulini, jua hulifanya sponji livunjike.

Ujaribu hivi. Akiwa amekaa, mwombe ruhusa, pitisha vidole kati ya mto na mfupa wa kukalia. Ncha zikicheza juu na chini nusu sentimita, ni salama. Zikishindwa kucheza lakini zinatoka kirahisi, hiyo ni tahadhari. Zikibanwa hata kuzichomoa ni kazi, mto huo haufai.

Halafu tairi. Viti vingi vya msaada vina tairi ya inchi 24 × 1 3/8. Fundi baiskeli atakuletea ya 24 ya baiskeli ya mtoto, na haitaingia: rimu moja ina kipenyo cha milimita 540, nyingine 507, ingawa zote zimeandikwa 24. Ndiyo maana viti hulala nyuma ya nyumba kwa pancha na tairi zilizokwisha. Kwa barabara za mchanga na mashimo, chagua kiti kirefu kwenda mbele (si cha juu), chenye gurudumu moja mbele, na tairi za inchi 26 za baiskeli za milimani. Vile vigurudumu viwili vidogo vya mbele huzama mchangani, mtu akaanguka kifudifudi.

Haya si mapya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 ulitaja hatua nane za kumpa mtu kiti mwendo, kuanzia rufaa na tathmini hadi mafunzo na matengenezo. Hafla zetu hufanya moja. Mafundi nao wapo: TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi pale hospitali ya KCMC, Moshi, imewafundisha. Mfadhili mwenye hela ya viti hamsini anunue thelathini, zinazobaki zilipe mpimaji, mito, pampu na tairi za akiba.

Na mwezi mmoja baadaye mtu apige simu kwa kila aliyepewa, amwombe ndugu wa nyumbani aangalie makalio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Atafute palipokolea rangi, penye joto au ugumu kuliko pembeni. Akipaona, mgonjwa asikalie sehemu hiyo mpaka irudi kawaida, na mto ukaguliwe siku hiyohiyo.