Mwinjilisti Akisema Amechoka

Mwinjilisti wa mtaa, yaani anayehudumia tawi dogo la usharika, akimwambia mchungaji kwamba amechoka, mara nyingi hujibiwa kwa 2 Wakorintho 12:9: “Neema yangu yakutosha.” Hakuna Mkristo atakayeupinga mstari huo. Ubishi uko kwenye matumizi yake: je, neema humtia nguvu abaki zamu, au humruhusu pia kukaa chini?

Wanaotaka abaki wana hoja, tusiwaonee. Mitaa mingi ya vijijini humtegemea mtu mmoja kwa ibada, kipaimara, wagonjwa na misiba, huku mchungaji akizunguka kwingine. Tena upo uvivu unaojiita uchovu. Kila kwaya ina mtu anayechoka siku za mazoezi na kupona siku ya kurekodi. Na Paulo, aliyechapwa bakora na kuvunjikiwa jahazi mara tatu, hakuacha kazi.

Lakini Paulo hakuwa ameomba mapumziko akanyimwa. Aliomba mara tatu aondolewe mwiba katika mwili, na jibu alilipata yeye mwenyewe, kutoka kwa Bwana, juu ya maumivu yake mwenyewe. Kulichukua jibu hilo na kumtwisha mtu mwingine ili ratiba ya usharika isivurugike ni jambo jingine kabisa. Mwenzake alipozidiwa, Paulo alifanya nini? Epafrodito aliugua karibu na kufa kwa ajili ya kazi ya Kristo. Paulo, naye akiwa kifungoni, akamrudisha kwao Filipi na kuwaagiza wampokee kwa furaha na kumheshimu.

Nabii Eliya naye, aliyeomba afe chini ya mti wa mretemu, hakuanza kwa kuhubiriwa. Alilala, akaamshwa ale, akalala tena, akaamshwa tena ale, ndipo akatembea siku 40 hadi mlima Horebu. Wahubiri wetu huzipenda hizo siku 40, usingizi wanauruka.

Kinachonisumbua zaidi ni kitabu cha Hesabu, sura ya 8, isiyohubiriwa sana. Mlawi, mtu wa kabila la Lawi, aliingia katika utumishi wa hema ya kukutania akiwa na miaka 25, na alipofika 50 aliacha. Hamsini! Hakungojwa mpaka aanguke. Kazi ile ilikuwa ya mabega, kubeba mbao, nguzo na mapazia jangwani, na Torati ilimpumzisha mtu kabla mgongo haujakatika. Wala hakutupwa: aliendelea kuwa pamoja na ndugu zake katika ulinzi, ila ile kazi yenyewe hakuifanya tena. Maana yake ni kwamba tangu ujana alijua siku ya kutua mzigo, na ndugu zake walikuwa na miaka 25 ya kumwandaa wa kushika nafasi yake. Kwa hiyo lile swali la “akipumzika, nani atashika mtaa?” silioni kama ni la kuulizwa aliyechoka. Waulizwe waliomwona akibeba peke yake miaka yote, wakaridhika.

Kweli, sheria ya Walawi haitufungi, na miaka 50 ya jangwani si lazima iwe kipimo cha leo. Lakini aliyeiweka ndiye huyo huyo tunayemsemea kwamba neema yake yatosha. Aliyeona haja ya kuweka kikomo cha kazi hawezi kuwa anaona aibu mtumishi wake akilala.

Apewe vyote viwili basi, mstari na likizo, ila likizo itangulie. Nayo iwe likizo kweli: wazee wa kanisa wagawane zamu za mahubiri, mtu mwingine afundishe kipaimara, simu za misiba ziende kwa mchungaji, na posho yake isikatwe eti kwa sababu mwezi ule hakusimama madhabahuni.