Kukwepa Macho Si Ushahidi

Hivi karibuni nilihudhuria semina ya maofisa ustawi wa jamii ambako mwezeshaji alituonyesha duara la kuonyesha ujumbe wa mtu hufika kwa njia gani, lililogawanywa vipande vitatu: maneno asilimia 7, sauti asilimia 38, mwili asilimia 55. Washiriki walinakili. Kilichoniudhi zaidi ni agizo lililofuata, kwamba mteja akidanganya mwili wake utamsaliti, hivyo tujifunze kumsoma.

Takwimu hizo zimetokana na majaribio mawili ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian yaliyochapishwa mwaka 1967. Wasikilizaji walisikilizishwa neno mojamoja likitamkwa kwa sauti tofauti, na katika jaribio mojawapo sauti ikaambatana na picha za nyuso, kisha wakaulizwa msemaji ana hisia gani kwa anayesemeshwa. Mehrabian mwenyewe amekwisha kueleza kwamba hesabu hiyo inahusu mazungumzo ya hisia na mitazamo tu. Mama anayesimulia ni nani aliyempiga mwanawe, na kwa kitu gani, ametueleza kwa maneno, na maneno hayo ndiyo yatakayomlinda mtoto.

Hatari inaanzia kwenye faili. Nimesoma ripoti nyingi zenye sentensi ya aina hii: "Mteja haangalii usoni, anajibu kwa mkato, anaonekana kuficha jambo." Sentensi hiyo husafiri. Afisa anayefuata huipokea kama jambo lililothibitishwa, naye humkabili mteja akiwa tayari na shaka, mteja akazidi kujikunja, na ripoti ya pili ikaiunga mkono ya kwanza. Hakuna aliyeuliza iwapo mlango ulikuwa wazi, iwapo mumewe alikuwa amekaa nje akisubiri, iwapo mkalimani alikuwa binti yake mwenyewe, au iwapo alilelewa kuamini kwamba kumkazia macho mwenye mamlaka ni utovu wa adabu. Mwaka 2006 watafiti Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu uwezo wa watu kutambua uongo, wakakuta wastani wa usahihi ni takriban asilimia 54, wakati anayebahatisha tu angepata 50. Kwa uwezo huo mdogo, hatuna haki ya kuamua mtoto akae na nani kwa sababu mzazi alitazama sakafu.

Sikatai kwamba mwili unasema. Mkao ambao Gerard Egan, mwandishi wa mafunzo ya ushauri nasaha, aliupendekeza, wa kumwelekea mteja, kutokukunja mikono, kuinama kidogo mbele, kumtazama na kutulia, una manufaa yake, mradi usigeuzwe amri. Lakini huo ni mwili wa afisa. Anayejaza fomu bila kuinua kichwa wakati mteja analia ameshamwambia kwamba fomu ndiyo muhimu.

Ishara ya mteja ni mwanzo wa swali, na swali huulizwa kwa maneno. Tuseme mteja amenyamaza na kuanza kusokota ncha ya nguo yake mara tu nyumbani kulipotajwa. Afisa anaweza kusema, "Naona tulipofika kwenye habari za nyumbani umenyamaza. Ungependa tuendelee, au tuliache kwanza?" Amesema alichokiona bila kukipa maana, na uamuzi ameuacha kwa mwenye habari. Baada ya hapo anyamaze, na anyamaze kweli, kwa sababu wengi wetu hatuvumilii ukimya, tunaujaza kwa swali la ndiyo au hapana, na mteja aliyekuwa akitafuta pa kuanzia anajibu "hapana" yakaishia hapo.

Kwenye ripoti iandikwe hivyohivyo: alichofanya mteja, kilichokuwa kimetajwa wakati huo, afisa aliuliza nini, mteja alijibu nini. Nawaomba waandaaji wa semina waliondoe duara lile, na muda wake utumike kwa mazoezi ya wawiliwawili, mmoja akiwa mteja anayenyamaza na mwingine akijifunza kusubiri.