Tumaini la Miaka 70

Mtu akifiwa, au akitoka kupewa majibu mabaya ya vipimo, simu yake hujaa mistari ya Biblia. Yeremia 29:11 haikosekani: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Ni maneno matamu, na wanaoyatuma wana nia njema. Shida yangu ni kwamba tunaruka aya ya 10, iliyo juu yake tu, inayotaja miaka 70 ya kungoja kurudi nyumbani.

Maneno hayo yamo katika barua ambayo nabii Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli. Sura moja nyuma, nabii Hanania alikuwa amesimama hekaluni akitangaza kwamba ndani ya miaka miwili yote yatakuwa yamekwisha. Bila shaka watu walimpenda, nani asingempenda? Yeremia akawaandikia mateka kinyume chake: jengeni nyumba, pandeni bustani, waozeni watoto wenu. Mtu mzima aliyesomewa barua hiyo alielewa kwamba atazikwa ugenini. Na ndiye huyo huyo aliyeambiwa ana tumaini.

Nadhani hapo ndipo mahubiri yetu mengi yanapopwaya. Tunamhubiria mgonjwa ile miaka miwili ya Hanania: "mwezi huu hauishi kabla hujapona". Mwezi unaisha, naye anabaki na ugonjwa pamoja na mzigo mpya wa kujiuliza kama imani yake ndiyo ndogo. Huo ni ukatili, hata ukisemwa kwa upole na mikono imewekwa kichwani.

Angalia pia tunavyomtumia Ayubu, yule wa Biblia aliyepoteza watoto, mali na afya. Kila msibani utasikia "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", sura ya 1. Sura ya 3, ambapo mtu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa, haisomwi. Rafiki zake walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno. Walipoanza kufafanua ndipo walipoharibu. Mwishoni, katika 42:7, Mungu anawakasirikia wao waliomtetea Yeye, na kusema aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu, yule aliyelalamika sura baada ya sura.

Kwa hiyo simwambii anayeteseka anyamaze wala ajikaze. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina hata aya moja ya kufutia machozi, na bado imo ndani ya Biblia. Anayeisoma usiku akiwa hana la kusema ameshaomba. Yesu mwenyewe msalabani aliazima maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?"

Ufufuo? Naam, bila huo sisi Wakristo hatuna cha kumwambia mfiwa aliyesimama kaburini. Lakini Paulo anapowaandikia Wathesalonike kuhusu waliolala, yaani waliokufa, hawakatazi kuhuzunika. Anawakataza kuhuzunika kama wasio na matumaini. Na pale Bethania, Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro. Angeweza kumpa Mariamu, dada wa marehemu, hotuba fupi, kisha wakaenda kaburini na macho makavu. Alilia kwanza, na waliokuwapo wakasema, "Angalieni jinsi alivyompenda."