"Badilisha waya mbili tu" imeshatuponza wengi

Muulize fundi yeyote hapa Mwanza, mota yangu inazunguka kinyume nifanyeje, jibu unapewa hata swali hujamaliza: badilisha waya mbili tu. Na ni kweli bwana, kwa mota ya fezi tatu, yaani inayoletewa umeme kwa waya tatu za moto. Chukua fezi mbili zozote, moja ikae pa mwenzake, sumaku inayozunguka ndani ya mota inageukia upande wa pili na shafti inaifuata. Ugomvi wangu uko kwenye hilo neno "tu".

Kuna mama ana mashine ya kusaga kule Igoma, alinipigia siku moja, mwanangu mashine inasaga ila unga hautoki, watu wanabeba ndoo zao wanaenda kwa jirani. Nafika, shikamoo mama, marahaba, nakuta keshabadilishiwa chekeche, kakazwa mikanda, na nyundo mpya seti nzima keshauziwa. Pesa imeenda na unga bado unatoka kama chumvi ya kuomba. Nikawaambia wazime, waache isimame kabisa, alafu mtu aguse swichi aachie hapohapo huku mimi naangalia pulei inaanza kwenda wapi. Inarudi nyuma.

Sasa kwa nini hakuna aliyegundua? Kwa sababu nyundo hazijali, zinapiga mahindi upande wowote. Anayejali ni feni ya kuvuta unga. Na hapa ndipo wengi wanapopotea, wanadhani feni ikigeuka basi itavuta badala ya kupuliza, hiyo ni ya feni ya mezani, hii yenye kasha la duara kama konokono inaendelea kutoa upepo kulekule, ila dhaifu. Pampu za kuvuta maji ziwani za kumwagilia bustani nazo zina tabia hiyohiyo, maji yanapanda ila hayana nguvu, mtu anakimbilia kununua pampu nyingine kumbe ni waya.

Nikamuuliza mama, umeme ulisumbua karibuni? Akasema ndio, wiki ile ya upepo, nguzo ilianguka wakaja watu wakaunganisha. Haya. Nikatoka nje nikaenda kwa seremala wa pembeni, naye analalamika msumeno wake wa meza unachoma mbao badala ya kukata na nati ya kushika diski imelegea mara mbili. Lazima ilegee, ile nati imetengenezwa ijikaze msumeno ukizunguka upande wake, ukiugeuza inajifungua, na diski ikichomoka kwenye kasi ya mizunguko 2900 kwa dakika usiombe uwe umesimama mbele.

Yaani walipounganisha pale kwenye nguzo fezi zilipishana, laini nzima ilikuwa imebadilika, siyo mashine ya mama. Fundi wa "waya mbili tu" angefungua mota ya mama akageuza, akalipwa, kesho kwa seremala, kesho kutwa kwa mchomeleaji. Alafu siku wenye laini wakirekebisha kule juu, wote mnarudi kinyume tena na kila mtu anasema fundi wa mwanzo alikuwa mwizi. Mimi nasema hivi: mashine moja ikigeuka baada ya kuifungua, geuza kwenye mota yake au stata yake, ile swichi ya kuiwashia. Zikigeuka zote kwa pamoja, usiguse mota hata moja, toeni taarifa kwanza, na kama huwezi kusubiri geuza sehemu moja tu kwenye meni swichi yako, uandike kwa maka pen pale kwenye mlango wake kwamba umegeuza, na tarehe. Hiyo maka pen ni shilingi ngapi jamani?

Na msiamini rangi. Nyumba za zamani fezi ni nyekundu, njano na bluu, nyutro nyeusi. Waya za siku hizi fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro ndio bluu. Kwa hiyo nyeusi ya babu yako ilikuwa nyutro na nyeusi ya leo ni fezi, na karakana nyingi hapa mjini zina zote mbili kwenye boksi moja. Zima, pima na tesita, ndio ushike.

Kwenye fezi moja ndio "tu" inakuwa kichekesho. Kijana mmoja wa Mabatini anakereza miguu ya vitanda, alitaka mashine irudi nyuma wakati wa kupiga msasa, akageuza waya za plagi, ikaenda vilevile, akageuza tena kana kwamba haikumsikia. Haiwezi kusikia, umeme wenyewe unapinduka mara 100 kwa sekunde, wewe kupindua plagi umeongeza nini? Mota hiyo ina koili ya kuendeshea na koili ya kuanzia yenye kapasita, unachogeuza ni ncha za koili moja, ya kuanzia, nyingine unaiacha. Shida ni kwamba zikishawaindiwa mtaani, yaani kusukwa koili upya, mara nyingi zinatoka waya tatu tu nje, ncha nyingine wameiunga ndani, inabidi ufungue. Na ukiweka swichi ya kugeuza usiipindue mota ikiwa kwenye kasi, koili ya kuanzia imeshakatwa na swichi ya ndani muda huo, itaendelea kwenda ilikokuwa inaenda. Subiri ipunguze mwendo usikie ile tak! ya swichi ya ndani ikirudi. Na kama chaki yako, ile ya kushika mti kwenye mashine, imefungwa kwa uzi wa nati, kugeuza ni kuifungua, nilimwambia bora apige msasa upande uleule. Alinuna kidogo.

Kwa mama wa Igoma nilichora mshale kwenye mwili wa mota kwa rangi ya kucha ya binti yake. Nilichagua mwilini kwa makusudi, maana ukimwambia mtu "kama saa" kwenye simu, mmoja anaangalia upande wa pulei mwingine upande wa feni ya kupoza mota, na wote wako sahihi. Nimepita juzi, nakuta kuna mshale wa pili, umechorwa kwenye kifuniko cha hiyo feni ya mota, unaenda kinyume na wangu. Nikauliza nani kachora. Kila mtu akamwangalia mwenzake.